Kuwapeleka watoto kula pizza ya deep dish Chicago: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndo maswali ambayo wazazi wanayarudia kila likizo ikikaribia, hasa familia zinazokuja kwa gari kutoka Indianapolis, Louisville au Des Moines, na wale wanaotembelewa na bibi na babu kutoka nyumbani na wanataka wote wale pamoja mara moja vizuri. Jibu moja likitosha kwenye maswali mawili nimekuelekeza tu uende kulisoma.

## Pizza yenyewe

Deep dish ni nini hasa, inatofautiana nini na pizza tuliyozoea?

Inaokwa kwenye trei la chuma la duara lenye kingo ndefu, kama sentimita 5 hivi. Trei linapakwa mafuta, unga uliokandwa unatandazwa chini na kupandishwa pembeni, halafu mpangilio wote unageuka: jibini inaanza chini kabisa, inafuata nyama au mboga, na sosi ya nyanya inamwagwa juu ya vyote, tena sosi yenyewe ina vipande vya nyanya unavyoviona kwa macho. Sababu ni muda wa oveni. Pizza nene hivi inakaa ndani muda mrefu, sasa jibini ingekuwa juu ingeungua kabla unga wa chini haujaiva.

Inaliwa kwa uma na kisu. Waambie watoto mapema kabisa kwamba hii haishikwi mkononi, maana wakishajaribu kuinyanyua ndo unaona sosi yote imeishia kwenye shati.

Na ile wanayoita stuffed?

Hiyo ni nene zaidi. Ina unga chini, jibini nyingi na vitu vingine katikati, halafu tabaka jingine jembamba la unga juu yake ndo sosi inamwagwa. Giordano's, waliofungua 1974, ndo wanajulikana sana kwa hiyo. Watoto wanaopenda jibini ivutike kutoka kwenye sahani mpaka mdomoni wanaifurahia sana, ila inashibisha mno, kwa hiyo soma kwanza swali la kiasi cha kuagiza.

Ilianzia wapi?

Pizzeria Uno, kona ya mitaa ya Ohio na Wabash, mwaka 1943. Wenye mgahawa walikuwa Ike Sewell na Ric Riccardo, ila nani hasa alibuni mapishi watu wanabishana mpaka leo. Biashara ilivyokua wakafungua Pizzeria Due hapo jirani mwaka 1955. Rudy Malnati alifanya kazi kwenye migahawa hiyo, na mwanae Lou akaja kufungua ya kwake 1971 huko Lincolnwood. Kwa hiyo mtoto akiuliza kwa nini majina ya pizza Chicago yanasikika kama ukoo mmoja, kwa kiasi fulani ndivyo ilivyo.

Ni kweli wenyeji hawaili?

Wanakula, lakini mara nyingi ni wakiwa na wageni au kuna sherehe. Pizza yao ya siku za kawaida ni ile nyembamba inayokauka vizuri na kukatwa vipande vya mraba, inaitwa tavern style. Mzazi ikariri hiyo, kwa sababu vipande vyake vidogo vinaenea mkononi mwa mtoto wa miaka minne, na haikai ovenini muda mrefu. Ninavyoona mimi, meza yenye watoto wadogo iwe na zote mbili, ya deep dish moja na ya tavern ndogo moja, hapo kila mtu anakula kwa wakati wake na hakuna anayelia.

## Wapi, na saa ngapi

Mgahawa upi unafaa zaidi ukiwa na watoto?

Kama wana miaka mitano na kuendelea, mimi nasema Gino's East. Huko wateja wanaruhusiwa kuandika ukutani, yaani kuta zimejaa majina ya watu tangu zamani, na kumpa mtoto kalamu umwambie leo ukuta ni ruksa, jamani, utaona uso wake. Beba kalamu yenu ya wino mzito, kisha muulize mhudumu muandike upande gani. Dakika za kusubiri zinapita bila simu.

Kama mnataka unga unaokatika vizuri usiokaa kama mkate mzito, Lou Malnati's, na wana matawi mengi kwa hiyo si lazima mbanane katikati ya mji. Pequod's ni kwa wanaopenda ukingo ulioungua kidogo, jibini imeshikana na trei pembeni ikawa ya kahawia na kukauka, na ukiwa na mtoto anayegombania ukoko wa wali nyumbani basi mpeleke huko. Ila huko foleni ya jioni ni ndefu na nafasi ni finyu, ukiwa na kigari cha mtoto nenda mchana.

Pizzeria Uno ni ya kwenda kwa ajili ya historia. Chumba ni kidogo, na mkiwa watu tisa na mizigo mtahangaika.

Twende saa ngapi?

Saa 10 na nusu jioni, ambayo kwenye simu itasoma 16:30. Najua inasikika mapema, lakini piga hesabu: mkikaa saa 10 na nusu, pizza inafika saa 11 na robo hivi, na hiyo ndo saa watoto wengi wanaanza kusikia njaa ya kweli. Mkienda saa 1 jioni mtakuta foleni ya mlangoni, juu yake foleni ya oveni, na mtoto anapata chakula karibu na saa tatu akiwa ameshalala mezani au ameshawachosha wote.

Jumamosi mchana ni afadhali kuliko Jumamosi jioni. Siku za katikati ya wiki ni tulivu zaidi, ukiweza.

Kuna kipindi cha kuepuka?

Wikiendi ya mbio za Chicago Marathon, mwezi wa 10, mji unafurika. Sisemi msije! Kelvin Kiptum alivunja rekodi ya dunia kwenye mbio hizo tarehe 8 Oktoba 2023 kwa saa 2:00:35, na familia za Kenya zinazokuja kushangilia barabarani na bendera ni kitu ambacho mtoto anapaswa kukiona. Lakini wakimbiaji wanakula wanga usiku wa kabla ya mbio, sasa kutafuta meza ya watu saba Jumamosi ile ni kujitesa. Nendeni Ijumaa mchana, au mchukue mkale hotelini.

Desemba hadi Machi tatizo ni baridi. Kusimama nje na mtoto wa mwaka mmoja kwenye ule upepo wa ziwani haifai hata dakika kumi, kwa hiyo piga simu kwanza uulize kama wana nafasi ya kusubiria ndani.

Tufikaje bila gari?

Treni. Kutoka uwanja wa O'Hare ni Blue Line, kutoka Midway ni Orange Line, zote zinaingia katikati ya mji. Uno na Due ziko karibu na kituo cha Grand cha Red Line, mnatembea kidogo tu. Watoto chini ya miaka 7 wanapanda bure wakiwa na mtu mzima aliyelipa, na wa miaka 7 hadi 11 wana nauli pungufu. Sio vituo vyote vina lifti, angalia ramani kabla hamjatoka na kigari.

Mkiwa na gari, maegesho ya katikati ya mji ni ghali kweli, lipia mapema kwa programu ya simu bei inashuka. Na kumbuka sheria ya Illinois: mtoto chini ya miaka 8 lazima awe kwenye kiti chake cha gari au kiti cha kuinulia kinachomfaa. Mjomba kusema "ni hapo tu" haibadilishi kitu.

## Kusubiri, kuagiza, kula

Inachukua muda gani kuiva?

Dakika 30 mpaka 45 baada ya kuagiza, na stuffed inaweza kuzidi hapo. Hapa ndo safari nyingi zinaharibikia. Watu wanachagua mgahawa kwa siku tatu, wanabishana sosi ya nani tamu, halafu hakuna aliyefikiria mtoto wa miaka mitatu atafanya nini kwa dakika arobaini na tano akiwa na njaa. Kwangu mimi utamu ni kitu cha pili. Ukiupangia ule muda, karibu mgahawa wowote kati ya hao utawafurahisha, na usipoupangia hata uliosifiwa na mji mzima utakuwa kelele tupu.

Cha kufanya: kama kuna foleni ya meza, muulize wa mlangoni kama mnaweza kuagiza pizza mkiwa bado mnasubiri, sehemu nyingi zinakubali, na hapo mkikaa tu inakuwa karibu kuiva. Kama hakuna foleni, agizeni pizza palepale mnapokaa, kabla hata ya kufungua menyu ya vinywaji, maana oveni haiwasubiri mkijadiliana. Wape watoto kitu kidogo kabla hamjatoka hotelini, ndizi au biskuti mbili, kisiwe cha kushibisha. Mbebee kila mmoja kitu chake cha kufanya, karatasi na rangi zinatosha.

Usijaze meza na mikate ya vitunguu saumu ya kupozea njaa. Watashiba mkate, halafu pizza mliyoifuata kilomita mia tatu itaangaliwa tu.

Tuagize kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyodhani. Menyu zinapima kwa inchi: ya inchi 9 kwa watu wawili, ya 12 kwa watatu, ya 14 kwa wanne, ila kila mgahawa una vipimo vyake, uliza. Mtu mzima anakula kipande kimoja au viwili basi. Mtoto chini ya miaka sita akimaliza nusu kipande mshukuru Mungu.

Familia ya wazazi wawili na watoto watatu wadogo: ya inchi 12 moja, tavern ndogo moja, na saladi ya kugawana. Mkiwa na vijana wa miaka kumi na tano hesabu inabadilika, hao wahesabu kama watu wazima na nusu. Na shangazi akianza kusema "tuongeze nyingine tusije tukaaibika", mwambie kwa heshima kwamba pizza moja hii ina jibini ya kutosha na mabaki yatakuwepo.

Mtoto wangu ni mbishi wa chakula, atakula kweli?

Wanachokikataa mara nyingi ni ile sosi ya juu yenye vipande vya nyanya. Mkwangulie sosi pembeni, chini yake atakuta jibini ambayo anaijua. Kama hataki kabisa, ile tavern ipo, na migahawa mingi ina tambi pia. Usimlazimishe amalize kwa sababu mmetoka mbali, yeye hakuomba safari ya pizza.

Wa miaka miwili anaweza kula, na kuna hatari gani?

Anaweza, ila moto wake sio wa kuchezea. Trei linaletwa mezani likitoka ovenini, chuma kile kinaunguza, na wahudumu wanakiweka katikati ya meza ambapo mkono wa mtoto unafika kirahisi. Mwambie mhudumu, dada au kaka samahani tuwekee upande ule mbali na mtoto. Halafu kipande chenyewe kinadanganya: juu sosi imeshapoa, ukigusa unaona sawa, ila jibini ya ndani bado inachemka. Kipasue katikati, kitandaze kwenye sahani, uone mvuke ukitoka wote, subiri, onja wewe kwanza na sio kwa ncha ya ulimi tu.

Chini ya miaka minne angalia kukabwa pia. Soseji zilizokatwa duara na zeituni nzima zikate vipande vidogo kabisa, na jibini inayovutika ikate kwa kisu kabla haijaingia mdomoni, maana inaweza kujikusanya ikawa donge kooni. Ambaye hajafikisha mwaka mmoja mbebee chakula chake, hii ina chumvi nyingi kwake.

## Nguruwe, halali na mzio

Hatuli nguruwe. Kuna tutakachokula?

Kipo, ila lazima muulize. Chicago ukisema sausage bila maelezo, utaletewa ya nguruwe, na pepperoni nayo kwa kawaida ni nguruwe au nguruwe aliyechanganywa na ng'ombe. Kuna pizza isiyotumia unga wa ngano ya Lou Malnati's inayoitwa crustless, watu wanaiagiza wakidhani ni ya mboga, kumbe chini yake ni soseji hiyohiyo ya nguruwe imetandazwa. Waislamu na Wasabato mkiiona kwenye menyu mwe macho.

Salama zaidi ni ya jibini tupu, ya spinachi, au ya uyoga na pilipili hoho. Waombe wakate kwa kisu safi na muulize kama trei zinachanganywa, watakwambia ukweli, wameshazoea kuulizwa.

Na anayetaka halali kabisa, nyama na yote?

Hapo migahawa hii mikubwa haitamtosha, na hata jibini wengine wanauliza imegandishwa kwa kitu gani. Tafuteni zinazotangaza halali waziwazi. Mtaa wa Devon, kaskazini mwa mji, umejaa migahawa ya Kipakistani na Kihindi, na kitongoji cha Bridgeview kina Waarabu wengi na maduka ya halali. Pigeni simu kabla kuuliza kama wanapika deep dish, maana sehemu nyingi ni pizza ya kawaida. Familia nyingine zinagawanya: deep dish ya spinachi mchana mjini, usiku biriani ya Devon, na bibi anarudi amefurahi kuliko wote.

Mtoto ana mzio wa ngano au maziwa?

Maziwa ni ngumu, jibini ndo chakula chenyewe. Ngano wengine wana unga mbadala, ila jiko ni moja na unga unapeperuka hewani, kwa hiyo kama mtoto anaumwa vibaya akigusa hata kidogo, usitegemee neno la mhudumu peke yake, ongea na msimamizi. Dawa yake ya dharura iwe kwenye mkoba, isiwe kwenye gari.

## Hela

Tujiandae na kiasi gani?

Bei zinabadilika, ila deep dish kubwa mara nyingi ni dola 30 kwenda juu. Kinachowashtua watu ni vinavyoongezeka mwishoni. Kodi ya chakula cha mgahawani Chicago inapita asilimia 10, na katikati ya mji inazidi kidogo kuliko mitaa ya pembeni. Juu yake kuna bakshishi ya asilimia 15 hadi 20, na huku sio hiari kama tulivyozoea nyumbani, mhudumu anaishi kwa hiyo. Chakula cha dola 60 kinaishia karibu dola 78.

Mkiwa sita na kuendelea sehemu nyingi zinaweka bakshishi kwenye bili zenyewe. Soma risiti kabla hujaongeza nyingine juu.

Tunaweza kupunguza vipi?

Maji ya bomba ni bure, omba bila barafu kama watoto wana kikohozi. Soda nyingi zinajazwa tena bure. Au chukueni mbebe mkale Maggie Daley Park, karibu kabisa na Millennium Park, kuna uwanja mkubwa wa michezo ya watoto na hakuna wa kuwakodolea macho wakikimbia. Kabla ya pizza unaweza kuwapeleka Lincoln Park Zoo, kiingilio ni bure.

## Mabaki na kesi za pembeni

Mabaki tuyafanyeje?

Ombeni boksi. Yasikae nje zaidi ya muda wa saa mbili, na kama ni kiangazi na joto limepita nyuzi 32 za Selsiasi, muda wa saa moja tu, na gari lililoegeshwa juani linafika huko haraka sana. Kwenye friji yanakaa siku 3 hadi 4.

Maikrowevu ya hotelini inalainisha unga. Kama mna jiko, weka kipande kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, funika, mpaka usikie chini kunaanza kulia. Kwenye oveni ni nyuzi 180 za Selsiasi kwa dakika 15 hivi.

Tunaweza kupanda nayo ndege?

Ndani ya Marekani ndiyo, pizza ni chakula kigumu na inapita ukaguzi. Ikiwa imegandishwa na umeiwekea pakiti za barafu, hizo ziwe zimeganda kabisa mnapofika kwenye ukaguzi, zikishayeyuka zinahesabiwa kama maji. Ya nyama msijaribu kuibeba hadi Dar au Nairobi.

Hatufiki Chicago mwaka huu, kuna namna nyingine?

Lou Malnati's wana matawi Indianapolis na eneo la Phoenix, na wanatuma pizza zilizogandishwa majimbo mengine zikiwa na barafu kavu. Barafu hiyo watoto wasiiguse kabisa, inaunguza ngozi, na msiifungie kwenye chombo kisichopitisha hewa. Boksi likifika lifungue mwenyewe, barafu iache iishe sehemu yenye hewa, pizza ingiza friza, na maelekezo ya kuoka yako kwenye karatasi iliyokuja nayo. Kusubiri ni kulekule, soma hapo juu.